Turbo ya Kupandia Ufipa: Namna ya Kuchagua Saizi

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ambayo wengi wanaiita mkonga, ikipanda kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga hufika ikiwa imepungukiwa nguvu kwa karibu moja ya tano, na wala hakuna kilichoharibika. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa, ambayo pwani ni kilopaskali 101, huku ni takriban 81. Pistoni inavuta ujazo uleule, ila hewa iliyomo ni nyepesi. Pampu nayo inaendelea kupeleka dizeli kwa kipimo cha pwani, isipokuwa kama ni ile yenye kifaa cha kupunguza mafuta kadiri gari linavyopanda. Dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia ndiyo ule moshi mweusi unaouona nyuma ya magari yanayokwea kutoka Muze kuja Ntendo yakiwa na mzigo.

Kwa hiyo mwenye gari wa Rukwa ana sababu ya kufikiria turbo kuliko mwenzake wa pwani, na sababu hiyo si mbio. Pia ana hatari kubwa zaidi ya kuchagua vibaya, kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka gereji, na hata vipimo vilivyoandikwa kwenye maboksi, vimetolewa na watu wa tambarare. Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayetaka kuifunga turbo 1HZ yake, injini iliyotoka kiwandani bila turbo, na aendelee kuifanyia kazi hapa hapa juu kwa miaka mingi. Nasema mapema ninakoelekea: chukua turbo ndogo kuliko ile ambayo moyo wako unaitamani, kisha hakikisha kompresa yake inatosha kwa hewa ya mita 1,800 na si ya bandarini.

Wahunzi wa Kifipa walilijua somo la hewa kabla gari halijafika. Tanuri lao la kuyeyushia mawe ya chuma lilikuwa refu kupita kimo cha mtu, na lilijivutia hewa lenyewe kwa urefu wake. Kazi iliyofuata, ya kusafisha chuma, ilifanywa katika tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto. 1HZ ilivyotoka kiwandani ni lile tanuri la kwanza. Turbo ni mivukuto, na swali lote la saizi ni mivukuto mikubwa kiasi gani kwa moto wa ukubwa gani.

Anza na barabara zako

Kabla hujauliza bei, jiulize gari lako linafanya kazi kwenye mizunguko mingapi. Mtu anayekwenda Tunduma kwa lami kupitia Laela, zaidi ya kilomita 200, anatembea muda mrefu kwenye mizunguko 2,200 hadi 2,800 kwa dakika bila kusumbuka. Anayeshusha mahindi Kasanga kupitia Matai anakutana na miteremko ambayo lazima aipande wakati wa kurudi. Anayeingia bonde la Ziwa Rukwa kwa njia ya Ntendo na Muze anateremka karibu mita elfu moja, na akirudi anazikwea zote kwa gia ya pili na ya tatu, kwenye kona kali, kasi ndogo, upepo mchache wa kupoza rejeta na joto la bondeni likiwa bado ndani ya injini.

Safari hii ya tatu ndiyo ikuamulie. Kwenye kona unaachia resi, mizunguko inashuka hadi 1,500 au 1,600, na ukitoka kwenye kona unataka nguvu wakati huohuo. Turbo kubwa kwa wakati huo imelala. Unakanyaga, dizeli inaingia, hewa haijaja, joto la moshi linapanda, na gari linatembea kwa kujivuta hadi ufike mizunguko 2,500 ambayo kwenye kona hizo huifikii. Umenunua nguvu ya Tunduma ukaipeleka Muze.

Tena, moshi unaotoka kwenye injini iliyoko mita 1,800 ni mchache kwa uzito kuliko wa injini ileile ikiwa pwani, na moshi huo ndio unaolizungusha gurudumu la tabaini. Hivyo turbo iliyosifiwa Dar es Salaam kwamba inaamka mapema, huku itachelewa kidogo. Ukichagua ile inayoonekana kuwa ya kati kwa watu wa pwani, kwako itakuwa kubwa.

Hesabu ya hewa

Hapa ndipo penye uzito, na kikokotoo cha simu kinatosha.

1HZ ina silinda sita na ujazo wa lita 4.164. Kila silinda hujaza hewa mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika injini inameza nusu ya 4.164 mara 3,600, ambayo ni kama lita 7,495. Silinda hazijai kabisa. Chukua asilimia 85, upate lita 6,370 hivi. Pwani, bila turbo, ujazo huo una kilo 7.2 za hewa. Sumbawanga, bila turbo, una kama kilo 5.9. Tofauti hiyo ya kilo 1.3 kila dakika ndiyo mlima unaoulipia kila siku.

Sasa weka turbo inayosukuma 0.7 kwenye geji ya bar, ambayo ni kama psi 10. Hewa ikibanwa hupata joto. Kutoka nyuzi 20 za asubuhi ya Sumbawanga itatoka kwenye kompresa ikiwa na nyuzi 100 hivi. Hata kwa joto hilo, bila intakula, injini inapata kilo 9 kwa dakika. Ukifunga intakula ikaishusha hewa hadi nyuzi 50, zinapita kilo 10. Angalia pia kwamba ili kurudisha tu presha ya pwani unahitaji 0.2 ya kwanza kwenye geji. Hiyo ni fidia ya mwinuko. Kinachobaki ndicho faida yako.

Hatua ya pili ni uwiano wa presha, yaani presha ya ndani kugawanywa kwa presha ya nje. Geji yako haipimi hiyo; yenyewe inapima kilichozidi juu ya hewa ya mahali ulipo. Kwa 0.7 ileile, Dar es Salaam unapata uwiano wa 1.7. Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika kwenye mita 773, ni karibu 1.76. Sumbawanga ni 1.86, na ukikumbuka kwamba chujio la hewa nalo linakula presha kidogo, andika 1.9. Ukipita juu ya milima ya Mbizi kwenye mita 2,400 unakaribia 2. Sindano ya geji imesimama palepale safari nzima, lakini gurudumu la kompresa linazunguka kwa kasi zaidi kila unapopanda, na hewa inatoka ya moto zaidi. Ndiyo sababu dereva anayeongeza presha hadi 1.0 kwa kuwa aliona mwenzake wa pwani anafanya hivyo anaisukuma turbo kwenye uwiano wa 2.3. Turbo ndogo haikuundwa kukaa huko kwa saa nzima ya kupanda.

Hatua ya tatu husahaulika sana. Kiwanda kinachojiheshimu hutoa ramani ya kompresa: mstari wa chini unaonyesha kilo za hewa kwa dakika, wa pembeni unaonyesha uwiano wa presha, na katikati kuna visiwa vinavyoonyesha mahali kompresa inafanya kazi kwa ufanisi. Ramani hiyo imechorwa kwa hewa inayokaribia ya pwani. Kwa hewa ya Sumbawanga, kompresa inabidi imeze ujazo mkubwa zaidi kupata kilo zilezile, kwa hiyo kabla hujaweka alama kwenye ramani zidisha kilo zako kwa 1.2. Zile kilo 9 za mizunguko 3,600 zinakuwa 10.8. Kwa mizunguko 2,000, ambako injini inapata kama kilo 5 kwa dakika, unaandika 6.

Weka alama mbili, 6 na 10.8, zote kwenye uwiano wa 1.9. Alama ya kulia iangukie ndani ya kisiwa cha asilimia 65 au zaidi. Ikitoka nje kulia, kompresa ni ndogo na itapika hewa badala ya kuisukuma. Alama ya kushoto isivuke ule mstari wa kushoto kabisa, unaoonyesha mahali hewa inapoanza kurudi nyuma kwa mapigo. Ukisikia turbo inakohoa unapopanda mlima kwa gia kubwa na mizunguko midogo, umevuka mstari huo, na mapigo hayo huua beringi za turbo. Kwa 1HZ ya Ufipa, kompresa inayopita mtihani huu kwa kawaida ni ile ambayo mwisho wake kwenye ramani uko kati ya kilo 13 na 16 kwa dakika. Ukionyeshwa ya kilo 20, mshukuru muuzaji uende zako.

Upande wa moshi

Kompresa ikishapatikana, saizi ya tabaini ndiyo inayoamua turbo inaamka lini. Kwenye ganda la tabaini utaona namba iliyotanguliwa na herufi A/R. Namba ndogo ina maana njia ya moshi ni nyembamba, moshi unalipiga gurudumu kwa kasi, turbo inaamka mapema, lakini mizunguko ikipanda sana moshi unasongamana na kuirudishia injini joto. Namba kubwa ni kinyume chake. Katika familia ya T3, kwa mfano, 0.48 na 0.63 ni namba utakazokutana nazo mara kwa mara, na kwa kazi ya milima ningeanza na 0.48. Usilinganishe namba ya familia moja na ya nyingine, 0.64 ya ganda dogo inaweza kuamka kabla ya 0.48 ya ganda kubwa.

Lengo lako liwe hili: geji ifike 0.5 kabla ya mizunguko 2,000 gari likiwa na mzigo mlimani. Turbo isiyofika hapo haifai Ufipa, hata iwe mpya na ya jina kubwa.

Kuna njia ya mkato kwa asiyetaka ramani. Toyota wenyewe walitengeneza ndugu wa 1HZ mwenye turbo, 1HD-T, ambaye aliingia kwenye Land Cruiser za 80. Kipenyo cha silinda ni kilekile milimita 94, mwendo wa pistoni milimita 100, ujazo uleule wa lita 4.164, na turbo yake ni CT26. Wahandisi waliokuwa na maabara walichagua saizi hiyo kwa ujazo huo, kwa hiyo turbo ya ukubwa wa CT26 ni mahali salama pa kuanzia. Kumbuka tu kwamba 1HD-T inachoma dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na mgandamizo wake ni 18.6 kwa 1. 1HZ ina chumba kidogo cha kuwashia kwenye silinda hedi na mgandamizo wa karibu 22 kwa 1. Hedi hiyo hupasuka ikichoshwa na joto. Kwa hiyo unaazima saizi ya turbo ya ndugu yake, lakini huazimi presha yake: kaa kati ya 0.5 na 0.7, na hesabu nilizofanya hapo juu zimetumia 0.7 kama ukomo.

Mwenye Prado au Hilux ya 1KZ au 1KD hana la kuchagua sana. Gari limekuja na turbo yake. Ikifa, rudisha namba ileile iliyoandikwa kwenye kibati. Ya 1KD ina mapezi yanayojifunga na kujifungua ndani ya upande wa moshi, na yakiganda kwa masizi gari hupoteza nguvu kana kwamba turbo imekufa. Mwambie fundi aisafishe kwanza kabla hujatoa pesa ya mpya.

Kununua iliyotumika

Turbo nyingi zinazofungwa huku ni za mtumba, na si vibaya, mradi uishike mkononi kabla ya kulipa. Shika shafti uisukume ndani na nje: usisikie mchezo wowote wa kuhisika. Itikise juu na chini: kidogo ni kawaida, kwa sababu beringi zake huelea juu ya oili na sasa hivi ni kavu, lakini magurudumu yasiguse ganda hata ukiyaegemeza upande mmoja huku unazungusha. Tazama ncha za mapezi ya kompresa kwa tochi. Kama zimelika na kuwa butu, turbo hiyo ilikula vumbi, na kwa barabara za vumbi tulizonazo wakati wa kiangazi utaimalizia. Tazama upande wa moshi karibu na tundu la valvu ya kupunguzia presha. Nyufa ndogo huvumilika, zile zinazoungana hazivumiliki.

Nakala za bei rahisi zinaweza kuvaa namba sahihi bila kuwa na ulinganifu sahihi wa uzito kwenye magurudumu, na kitu kinachozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika hakisamehe jambo hilo. Kati ya nakala mpya na ya kiwandani iliyotumika ila nzima, mimi nachagua ya pili.

Usifunge turbo kwenye injini iliyochoka. Pima kwanza mgandamizo wa silinda zote sita, peleka nozeli na pampu kwa fundi pampu, zibua rejeta. Gari linalochemsha sasa bila turbo litachemsha mapema zaidi likiwa nayo.

Ikiwa injini ni ya rotari

Wapo vijana wanaoagiza Mazda kutoka Japani, na swali lao ni tofauti kiasi cha kustahili jibu lake. Injini ya 13B inaandikwa lita 1.3, lakini rota zake mbili humeza ujazo huo wote katika kila mzunguko mmoja wa shafti, kwa hiyo katika hesabu ya hewa ihesabu kama injini ya kawaida ya lita 2.6. Kwenye mizunguko 7,000 inameza zaidi ya lita 9,100 kwa dakika, kupita 1HZ. Kwa 0.7 yenye intakula nzuri, alama yako kwenye ramani, baada ya kuzidisha kwa 1.2, inaangukia karibu kilo 17. Moshi wake ni wa moto sana na una nguvu nyingi, hivyo tabaini lazima iwe na njia pana kuliko ya dizeli. Ukiibana kwa namba ndogo ya A/R, joto linarudi kwenye rota.

Kwa rotari, petroli na uwashaji vinakuja kabla ya saizi. Mlipuko mmoja usio wa wakati wake unatosha kuvunja sili za ncha za rota, na hapo injini inafunguliwa yote. RX-7 ya mwisho ilitoka kiwandani na turbo mbili zinazopokezana, moja ikifanya kazi ya chini na nyingine ikijiunga juu. RX-8 ilitoka bila turbo, ikiwa na mgandamizo mkubwa, na kwa petroli ya vituo vya kawaida ningemshauri mwenye nayo aiache ilivyo.

Kufunga na kupima

Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo lishuke bila kupanda mahali popote, liwe pana, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Oili inayoshindwa kurudi hutokea kwenye sili, na mtu hulaumu turbo. Kama ni CT26 au nyingine yenye njia za maji, ziunganishe, usizizibe. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, jaza oili kwenye turbo kwa mkono, chomoa waya wa solenoidi ya kukata dizeli kwenye pampu, na piga stata hadi geji ya oili ipande.

Funga geji mbili, ya presha na ya joto la moshi, na kipimo cha joto kiingie kwenye manifoldi kabla ya turbo. Hii ya pili si pambo. Pampu ya 1HZ haina habari ya turbo mpaka uifunge kifaa cha kuongeza dizeli kwa kufuata presha. Fundi anayefungua skrubu ya dizeli bila kipimo hiki anafanya kazi gizani.

Kisha teremka Muze asubuhi, pakia uzito unaobeba siku zote, upande. Gia ya tatu, mizunguko 2,000, mguu chini. Presha ikifika 0.5 na moshi ukawa mwepesi, saizi yako ni sahihi. Joto la moshi kwenye mpando mrefu libaki chini ya nyuzi 700. Likivuka kabla hujafika juu, shuka gia kwanza, na ukirudi mjini mwambie fundi apunguze skrubu ya dizeli robo mzunguko, upande tena. Usijibu joto kwa kuongeza presha. Ukifika Ntendo, acha injini iungurume taratibu dakika mbili au tatu kabla ya kuzima, oili iendelee kupita kwenye beringi wakati tabaini inapoa, na wakati huo fungua boneti ukague kila kiungo cha bomba la oili kwa macho.